Majani ya uwanjani kukusanywa peke yake: mazingira yananufaika kweli au ni mradi wa watu?

Katibu_Mtaa aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu huku Mbezi Beach, Dar es Salaam. Mtaa una miti haswa: miembe, mikungu, na miashoki imepangwa kila ukuta. Kila asubuhi ni ufagio. Wanaofagia wana njia tatu: wachome, wasukumie mtaroni, au wajaze kwenye viroba wangoje gari la taka. Gari likija vijana wanachagua. Viroba vya jikoni wanapakia, vya majani wanaviacha getini, wanasema vinajaza gari bure.

Sasa kwenye kikao limeletwa pendekezo: tuwe na guta la kuzoa majani na taka za bustani tu, mara moja kwa wiki, kila kaya iongeze elfu mbili kwa mwezi, na mboji itengenezwe kwenye kile kieneo cha wazi cha mtaa. Wazee wawili wamepinga, na hoja yao imenikwama kooni. Wanasema majani ni majani. Yakienda dampo la Pugu yataoza, yakibaki hapa yataoza. Kuoza ni kuoza. Hiyo faida ya mazingira tunayoimbiwa inatoka wapi?

Wanaojua naomba mnieleweshe kwa lugha ya kawaida. Kikao ni Jumapili na mimi ndiye nitakayesimama.

Chuma_cha_Pua alijibu:

Choma jioni upepo ukielekea kwa jirani, majivu mwaga kwenye mchicha. Elfu mbili kunywa soda.

MamaMiche_Bunju alijibu:

Katibu mwanangu, hao wazee usiwabeze. Wameuliza swali ambalo hata wenye semina zao hulipita kwa pembeni.

Mimi nauza miche na mboji kando ya barabara ya Bagamoyo, huku Bunju. Sitakuhubiria, nakwambia ninachokishika kwa mikono kila siku.

Kuoza kuko kwa namna mbili. Dampo gari linamwaga, jingine linamwaga juu yake, tingatinga linashindilia. Kule chini hewa haifiki. Vijidudu vinavyohitaji oksijeni vinakufa, vinabaki vile visivyoihitaji, na hivyo vikila taka vinatoa gesi ya methani. Kilo moja ya methani, ukipima kwa miaka 100, inaipasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Ukipima kwa miaka 20 tu inafika kama mara 80. Kwenye biwi la mboji, yaani lundo linalopinduliwa, hewa inapita, kwa hiyo kinachotoka zaidi ni mvuke, joto, na hewa ya ukaa ile ile ambayo mti uliivuta juzi juzi ukatengeneza jani. Hapo ndipo wazee watakuelewa: jani ni lile lile, ila mlaji wake amebadilika.

Lakini sasa usiende kikaoni ukasema majani yenu yanaokoa dunia, maana atatokea msomi mmoja akuaibishe. Jani kavu la mwembe lina lignini, ni gumu, hata dampo linavunjika taratibu mno. Methani nyingi inatoka kwenye vitu laini: nyanya zilizopondeka, maganda ya ndizi na viazi, makapi ya kabichi, ugali uliolala. Na katika miji yetu hivyo ndivyo zaidi ya nusu ya taka zote. Mnachopaswa kukiogopa kiko kwenye vile viroba ambavyo gari linavipakia bila maneno.

Kazi ya jani ni nyingine. Chukua maganda ya genge peke yake uyalundike, siku ya tatu mtaa mzima utahama. Yana maji mengi na nitrojeni nyingi, yanashikamana, hewa inakosa njia, nzi wanajaa. Chukua majani makavu peke yake uyalundike, mwaka unaisha unayakuta yanakutazama. Yachanganye, ndoo moja ya maganda kwa ndoo mbili hadi tatu za majani, na hapo biwi linapata joto lenyewe. Wataalamu wanasema sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya nitrojeni. Mimi sina maabara, naangalia kwa kiganja: nikikamua ngumi ya mchanganyiko itoke tone moja au mawili, basi. Ikichuruzika naongeza majani, ikisambaratika naongeza maji.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote: guta lenu lisiishie kwenye majani. Likishazoa mageti lipite gengeni na kwa mama ntilie. Kila mnunuzi wa mboji anagombania samadi, lakini kinachonipa shida mimi kukipata ni majani makavu safi. Ninyi mnayachoma!

Mengine nitapita haraka. Moshi: jani lenye umande haliwaki, linafuka, na moshi wa kufuka ndio uliojaa vile vichembe vidogo vinavyoingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Kama mtaani kuna mtoto wa pumu, mama yake atakuungeni mkono kabla hujamaliza kusoma agenda. Huyo bwana wa majivu hapo juu ana haki nusu, kwenye majivu kuna potasiamu na fosforasi, lakini nitrojeni na kaboni zote zimeshapaa. Mtaro: masika yakija, majani ya mkungu yakilala kwenye kalavati yanashika mifuko, mifuko inashika mchanga, maji yanaingia sebuleni. Gari: majani hayana uzito ila yanakula nafasi, na safari ya kutoka Mbezi Beach hadi Pugu Kinyamwezi inachoma dizeli ile ile, gari limejaa mali au limejaa hewa.

Na kuna hili la dampo lenyewe kuwa mlima. Agosti 10, 2024 pale Kampala, dampo la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za jiji tangu 1996, liliporomoka baada ya mvua likafukia nyumba za watu. Walikufa zaidi ya 30. Huo ulikuwa mlima wa vitu vinavyooza, vimelowa, vimerundikwa juu kupita kiasi. Kila tani ya maganda ambayo haikwenda kule ni tani moja imepungua juu ya vichwa vya majirani wa dampo.

Halafu udongo, ambao ndio unanipa ugali. Mchanga wetu wa pwani ukiumwagilia asubuhi, adhuhuri chini pakavu. Maji yamepita, na mbolea uliyoweka imepita nayo. Ukichanganya mboji, unashika maji na unashika chakula cha mmea. Ila nisikudanganye, mboji haishindani na urea kilo kwa kilo, nitrojeni yake ni kama asilimia moja au mbili tu. Nguvu yake ni kuufanya mchanga uwe udongo.

Sasa kasoro inayoua miradi hii. Kuna bwana aliwahi kuniletea gari la "mboji" iliyochotwa kwenye taka zilizochanganywa. Kwa macho ni nyeusi, inanukia udongo, bei ya chini. Nikaipitisha kwenye chekeche la nusu inchi. Juu ya waya vilibaki vifuniko vya soda, vipande vya mifuko vimekatika kama kucha, wembe, betri ya redio imepasuka, na kandambili ya mtoto nusu. Betri! Kwenye kitu ambacho mtu anaenda kuoteshea sukuma wiki za wanawe. Alirudi nalo. Hakuna chekeche linalotoa madini ya risasi na zebaki yaliyokwisha kuyeyukia humo. Ndiyo maana kukusanya peke yake, tangu getini, ni kazi yenyewe hasa. Ukishachanganya, huwezi kuchanganua.

Pale Mabwepande Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji, kilijengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kikakusudiwa taka za masokoni tani 50 kwa siku. Kamati yenu iombe kwenda kuona. Mtaona matuta marefu ya taka yanavyopinduliwa, mtajifunza kitu. Lakini kwa majani ya mtaa mmoja, mimi napendelea biwi la hapo hapo mtaani. Kusafirisha majani makavu mbali ni kusafirisha hewa.

Mwalimu_Rongai alijibu:

Hujambo katibu. Salamu kutoka Kenya.

Mama amesema ukweli. Nataka niongeze jambo moja ambalo ni la uchungu. Huku kwetu tuna sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, inamtaka kila mtu atenganishe taka zinazooza na zile kavu. Kwa karatasi ni nzuri sana. Kwa ploti yetu tuliitikia, kila nyumba ndoo mbili. Wiki kadhaa baadaye mpangaji mmoja akasimama kwa balkoni, akaona kijana wa gari akimwaga ndoo zote mbili kwa gunia moja. Gari ni moja, na lilikuwa linaelekea Dandora, lile jaa lililoanza 1975, likatangazwa limejaa 2001, na mpaka wa leo linapokea. Jioni hiyo habari ilikuwa imezunguka ploti yote. Ukienda sasa utakuta ndoo ya pili ni ya kulowekea nguo.

Kwa hivyo mimi swali langu kwa kamati si methani. Ni hili: guta likitoka getini linaenda wapi, na watu wataona? Biwi likiwa hapo hapo mtaani, kila mtu analiona. Likienda mahali pengine, wapelekeni mkaone pamoja. Watu huchoka wakidhani wanachezewa.

Pia msisahau wafugaji. Huku mabaki mengi ya hoteli hayafiki kwa jaa, yanachukuliwa na watu wa nguruwe. Huko kwenu huenda si nguruwe, lakini mbuzi na ng'ombe wa zero-grazing wapo. Ganda likiliwa na mbuzi limefanya kazi nzuri kuliko mboji.

Mzaramo_Seattle alijibu:

Shikamoo mama Bunju. Umenikumbusha nyumbani, bado Mabwepande kuna vumbi lile?

Niko Seattle, Marekani. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa kukata nyasi za watu na kukusanya majani, kwa hiyo hili somo nalijua kwa mgongo. Hapa kila nyumba ina mapipa matatu: taka za dampo, vitu vya kurejelezwa, na pipa la mabaki ya chakula na bustani. Majani na nyasi zilikatazwa kutupwa kwenye pipa la taka tangu 1989. Mabaki ya chakula yakafuata Januari 2015. Sheria peke yake isingefika mbali. Kinachowatia watu adabu ni bei: pipa la taka likiwa kubwa unalipa zaidi, likiwa dogo unalipa kidogo. Mtu akihamishia majani na maganda kwenye pipa la tatu anaweza kushuka saizi. Kamati yenu ilitazame hilo. Badala ya kusema "ongeza elfu mbili", wauzieni watu punguzo kwa anayetoa viroba vichache vya taka mchanganyiko.

Kuhusu mtaro, kuna kitu sikukijua mpaka nilipofika huku. Majani yakikaa barabarani yakanyeshewa, yanatoka rangi kama chai, na ile chai ina fosforasi. Inaingia mtoni na ziwani, mwani unajaa. Wataalamu wa USGS, shirika la serikali ya Marekani la utafiti wa jiolojia na maji, walipima mjini Madison, Wisconsin: sehemu ambayo majani yaliondolewa kwa wakati, fosforasi kwenye maji ya mvua ya msimu wa majani kupukutika ilipungua kwa asilimia 84. Kwetu mitaro ya Mbezi Beach inamalizikia baharini, sio? Basi wavuvi nao wana neno hapo.

Tahadhari moja. Karibu mwaka 2000, huku huku jimbo la Washington, upande wa Spokane, watu walinunua mboji ya mji wakaoteshea nyanya, nyanya zikajikunja majani zikafa. Ikagundulika ni dawa ya magugu inaitwa klopiralidi. Watu walipulizia nyasi zao, nyasi zikakatwa, zikaingia kwenye mboji, na dawa ikavumilia joto lote lile. Mwaka 2002 jimbo likazuia isitumike kwenye nyasi za majumbani. Hapo Mbezi Beach kuna majumba yana ukoka wa kupuliziwa na mafundi wa bustani. Ulizeni wanapulizia nini kabla ya kupokea nyasi zao. Majani ya mwembe hayana tatizo hilo.

Katibu_Mtaa aliandika:

Shikamoo mama. Wakuu wote nawashukuru, nimejaza kurasa.

Mama, naomba unimalizie. Wanaoishi jirani na kile kieneo wanasema biwi litaleta nyoka na panya. Miashoki ndiyo mingi kuliko kitu chochote, inafaa? Na tukishatengeneza, nani ananunua? Tusije tukawa na kilima chetu wenyewe.

MamaMiche_Bunju alijibu:

Marahaba wanangu. Vumbi lipo, na bodaboda zimeongezeka.

Panya hafuati jani, anafuata chakula, hasa kilichopikwa. Samaki, nyama, wali, vyote visiingie. Maganda mabichi ya gengeni tu, na kila ukimwaga funika kwa majani makavu pande zote usione ganda hata moja. Kinyesi cha mbwa na paka hapana kabisa. Nyoka anapenda lundo lililosahaulika, tulivu. Biwi linalopinduliwa mara kwa mara halimpi utulivu. Asubuhi ukilipindua linatoa mvuke kama sufuria, na ndani kuna utando mweupe kama jivu, hiyo ni kuvu inafanya kazi, msiogope. Kujua kama limepata joto, chomeka nondo mpaka katikati, iache robo saa, ichomoe uishike. Ikikufanya uiachie, liko vizuri. Wenye vipimo wanataka nyuzi 55 na zaidi, ndizo zinazoua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa. Nondo ikitoka vuguvugu tu, pindua, ongeza kibichi. Upana na kimo visipungue mita moja, la sivyo joto linatoroka. Masika funika kwa turubai, lisilowe likakosa hewa, maana likikosa hewa mmerudi Pugu bila nauli. Na likae mbali na kisima.

Kufagia: waambie watumie reki, waache ufagio wa chelewa kwa majani ya mboji. Chelewa inazoa mchanga wote wa uwanja. Utapokea kiroba cha kilo ishirini, majani kilo tatu. Guta litavunjika springi, na biwi litakuwa zito halipinduki.

Mkungu, jani lake ni pana, yanalaliana kama karatasi, hewa haipiti. Yakatekate kwanza. Makuti msiweke, wapeni wanaoyataka. Muashoki ni mgumu na una mng'ao wa nta, mzima mzima unaweza kukaa humo mpaka uusahau. Pitisha kwenye mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, mfugaji yeyote wa jirani anayo, mlipe kwa siku. Ukikatwa unafaa, ila usizidi robo ya biwi. Mkiwa na mingi kuliko hiyo, dawa ni kuipunguza matawi au kupanda kitu kingine. Mimi nina miche ya miti ya matunda hapa, lakini sitaki useme nilikuja kufanya biashara.

Soko lipo. Wenye vitalu kuanzia Tegeta hadi Bagamoyo tunatafuta mboji iliyochekechwa, isiyo na plastiki. Lakini kabla ya kufikiria kuuza, gawieni kaya zilizochangia, kila moja kiroba kimoja cha kwanza, hata kama ni kidogo. Anayeotesha mchicha kwa mboji iliyotoka kwenye maganda yake mwenyewe hutakuwa na kazi ya kumkumbusha kutenganisha. Mtegemee majani yaliyopo yatapungua karibu nusu yakiiva, hivyo kilima unachokiogopa hakitakuwepo. Miezi mitatu hadi minne kwa hali yetu ya joto, kama mnapindua. Msipopindua, ni bahati yenu.

Katibu_Mtaa aliandika:

Nimekuelewa mama. Hoja ya genge nitaianza, punguzo la viroba nitampa mweka hazina aliseme yeye. La miashoki naliweka mwisho kabisa, kwa sauti ya upole. Mwenyekiti anayo minane.